Shingo Upande

Jumanne na Ijumaa, saa nne na nusu,
baada ya chai, kabla ya vidonge vya mchana,
tunapanga viti sita dirishani
katika nyumba ya wazee ya Barrow-in-Furness,
ambako winchi za kiwanda cha meli
humwonekania mwenye kichwa kilichosimama.
Ndiyo shida yetu. Vichwa vyetu havisimami.

Misuli imekwenda. Haikuaga.
Imesinyaa kama sabuni ya bafuni:
kila siku unaiona ipo,
siku moja unashika povu.
Kidevu kimetua kifuani,
chai inapita njia ya pumzi,
na dunia yote imebaki mapaja, blanketi,
na zulia la maua ya kahawia.

Rhian, mtaalamu wa mazoezi, alinifundisha mara mbili
kisha akahamishiwa Kendal.
Akaniachia karatasi yenye michoro ya mtu asiye na uso.
Basi ni mimi sasa, Mwanaidi wa zamu ya asubuhi,
ninayeweka kiganja kwenye paji la mtu
na kumwambia: nisukume.
Si kwa nguvu. Kama unayezuia mlango upepo usiufungue.
Moja, mbili, tatu, nne, tano.
Pumzika.
Sasa kisogoni. Sasa upande wa sikio.

Nahesabu kwa Kiswahili, Kiingereza changu kikichoka.
Bi Enid Tyson anadhani Nne ni jina la mtu;
kila nikifika hapo anauliza, hajambo?
Hajambo, nasema. Tano.

Kwetu mtu akifanya jambo asilolitaka
tunasema kalifanya kwa shingo upande.
Hapa shingo upande ndiyo hiari yenyewe:
Bwana Postlethwaite akiulaza upara wake kushoto,
nusu inchi, jasho likimtoka puani,
hakuna mtu katika mji huu
aliyekubali jambo kwa moyo kuliko yeye.

Alikuwa mchomeleaji. Miaka thelathini na minane
ndani ya matumbo ya nyambizi,
mikono yote miwili kazini,
barakoa ya chuma akiishusha kwa kutikisa kichwa:
tik, giza, halafu cheche.
Binti yake amenisimulia
jinsi mama alivyokuwa akimkaripia mezani,
maana hata akiombwa chumvi aliitikia kwa kishindo.
Shingo hiyo. Shingo hiyo hiyo
ambayo leo naishika kama mtu anayebeba bakuli la supu.

Wiki ya kwanza, hesabu mbili. Wiki ya nne, tatu.
Wiki ya tano alipata mafua, tukarudi moja.
Wiki ya sita Bwana Fell alitutoka; kiti chake
hatukukiondoa, tulikisogeza tu.

Wiki ya tisa, Ijumaa, mvua ya ubavu,
nikasema nisukume, akanisukuma,
na kidevu kikaondoka kifuani
kwa shida, kama droo iliyovimba.
Akatazama. Si winchi. Mimi.
Miezi kumi na minne namlisha, namvisha soksi,
na ndiyo kwanza tunaonana.
"Kumbe ni wewe," akasema, "mwenye viatu vya kijani.
Nilidhani u mnene."

Sikujua nicheke vipi. Nikaendelea kuhesabu:
sita, saba, ambazo hazimo kwenye karatasi,
mpaka ukosi wake ukaanza kutetemeka.
Pumzika, nikasema.
Hakupumzika. Akakitikisa kichwa mara moja,
tik,
kama mtu anayerudi kazini,
na kidevu kikatua palepale kilipokuwa.

Bi Enid akanivuta sketi.
"Na huyu Saba," akauliza, "ni nani?"
Mgeni, nikasema.
Amefika leo.